Timu imefungwa: Tutafute kosa au tumtafute mchawi?

Timu inapotolewa mapema katika mashindano, kazi ya kwanza inayofanyika si kujiuliza tumekosea wapi. Kazi ya kwanza ni kutafuta mtu wa kubebeshwa. Kabla mashabiki hawajafika majumbani mwao, kocha tayari ni bure, kipa ameuza mechi, mwamuzi amehongwa na mwenyekiti ana mkosi. Kesho yake asubuhi, kwenye vijiwe vya kahawa hapa Tabora, hukumu imeshatoka na rufaa haipo.

Huenda msomaji akauliza, mpira na ukurasa huu wapi na wapi? Jibu ni kwamba mtu hana mizani mbili za lawama. Mizani anayoitumia kumhukumu kipa ndiyo hiyo hiyo atakayoitumia kumlaumu mkewe mtoto akifeli, kumlaumu ustadhi madrasa ikidorora, na kumlaumu kikongwe wa jirani mtoto akiugua. Kwa hiyo suala la nani alaumiwe, kwa kiasi gani na kwa ushahidi gani ni suala la dini, kwa sababu ni suala la uadilifu na la ulimi.

Tuchukue mifano tunayoijua. Mwezi Oktoba 2021 Simba ilikwenda Botswana katika Ligi ya Mabingwa Afrika, ikaifunga Jwaneng Galaxy mabao 2-0 kwao. Marudiano yalikuwa Dar es Salaam tarehe 24. Simba ikatangulia kufunga, kisha kipindi cha pili ikaruhusu mabao matatu, ikatolewa kwa sheria ya bao la ugenini. Siku mbili baadaye klabu na kocha wake, Didier Gomes, wakatangaza kuachana.

Novemba 7, 2024, Tabora United yetu iliifunga Yanga mabao 3-1 pale Chamazi. Yanga ilikuwa imetoka kufungwa na Azam siku chache kabla. Haikupita muda, tarehe 15, kocha Miguel Gamondi akafungashiwa virago. Huyu ndiye aliyeipa Yanga ubingwa msimu uliotangulia. Yanga iliishia kutwaa ubingwa wa msimu huo pia, mikononi mwa kocha wa tatu. Sasa tujiulize: ikiwa kufungwa mara mbili kulikuwa ni kosa la mtu mmoja, ubingwa ule nao ulikuwa ni wa nani? Mbona ushindi tunaugawana wote, lakini kushindwa tunampa mmoja?

Mfano wa tatu ni wa hapa hapa nyumbani. Agosti 2023, timu yetu ikiwa ndiyo kwanza imepanda Ligi Kuu, iliingia uwanjani kucheza na Azam ikiwa na wachezaji wanane tu, kwa sababu ya mambo ya usajili. Mchezo haukufika mwisho. Ulivunjika mapema Azam ikiongoza 4-0, wachezaji wetu walipopungua hata idadi inayotakiwa na sheria. Je, beki aliyeruhusu mabao yale alaumiwe? Mwenye akili atasema hapana. Vijana wale walikuwa wanalipa deni ambalo hawakulikopa wao. Kosa halikuwa uwanjani, lilikuwa ofisini.

Mzigo una mwenyewe

Sisi watu wa Tabora tulipaswa kulielewa jambo hili kuliko wengi. Mji huu ulijengwa na mizigo. Misafara ilitoka Bagamoyo ikapita hapa Unyanyembe, ikaendelea mpaka Ujiji. Wanyamwezi walisifika kwa upagazi. Mzigo wa mtu ulikuwa frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30, na ulipimwa na kugawiwa kabla ya safari kuanza. Kirangozi alitangulia mbele kuongoza njia, wapagazi wakafuata, na mwenye mali alijulikana. Robota la nguo likipotea, ilijulikana nani alilibeba. Msafara ukipotea njia, hakuulizwa mbeba shanga, aliulizwa kirangozi. Chakula kikiisha porini, mwenye msafara ndiye aliyepaswa kujibu.

Qur'an imeutumia mfano huu huu wa mzigo. Katika Suratul An'aam aya ya 164 Allah (s.w.) anatufundisha kuwa hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Na mwisho wa Suratul Baqara, aya ya 286, tunafundishwa kuwa nafsi haikalifishwi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Tukiziweka aya hizi mbili pamoja, tunapata kanuni ya lawama: mtu huulizwa kwa kile alichokabidhiwa na alichokiweza. Nje ya hapo, lawama inageuka kuwa dhulma.

Siku Tabora ilipofungwa

Historia ya njia hii ina kushindwa kuzito kuliko kwa mpira. Mwaka 1871 wafanyabiashara wa Kiarabu wa Unyanyembe walipigana na Mtemi Mirambo, aliyekuwa ameifunga njia ya kwenda Ujiji. Ilikuwa vita ya biashara na utawala, si ya dini. Mwezi Agosti walitoka na jeshi kubwa, na Henry Stanley, aliyekuwa njiani kumtafuta Livingstone, akaungana nao. Mwanzo walishinda. Waliteka boma la Zimbizo, kisha kundi lililoongozwa na Soud bin Sayyid likaingia Wilyankuru. Lakini wakati wa kurudi, wakiwa wameelemewa na meno ya tembo na mateka, Mirambo aliwavizia kwenye majani marefu. Soud akauawa pamoja na wengi wa wenzake. Waliobaki walitimua mbio, kila mmoja akiokoa roho yake. Baadaye mwezi huo huo Mirambo akaingia Tabora yenyewe, sehemu ya mji ikachomwa, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa mji, akauawa.

Baada ya hapo zikaja lawama. Stanley aliandika kwa maneno makali juu ya Waarabu waliokimbia na kuwaacha wenzao. Yeye mwenyewe siku hizo alikuwa hoi kwa homa, na alikuwa ameingia katika vita hiyo kwa hiari yake. Mwishowe alichukua njia nyingine ya kusini akafika Ujiji mwezi Novemba. Mji ukabaki na makaburi yake.

Msomaji anayejua Sira ameshaona tunakoelekea: ushindi wa asubuhi, kisha ngawira, kisha kipigo. Hatulinganishi wafanyabiashara wa pembe na Maswahaba, Allah atuepushe. Tunachokitazama ni namna watu wanavyotendeana baada ya kushindwa.

Uhud: kosa lilitajwa, mtu hakutupwa

Katika vita vya Uhud Mtume (s.a.w.) aliwaweka wapiga mishale 50 mlimani chini ya Abdullah bin Jubayr, akawaamuru wasiondoke hata iweje. Walipoona adui anakimbia, wengi wao waliteremka kuwahi ngawira. Maadui wakazunguka nyuma. Waislamu 70 wakauawa, akiwemo Hamza, ami yake Mtume, na Mtume mwenyewe akajeruhiwa usoni.

Hapa ndipo pa kujifunza. Kwanza, kosa halikufunikwa. Suratu Aal-Imran, aya ya 152, inataja wazi kulegea, kuzozana na kuasi amri. Katika aya ya 165 Waislamu wanaambiwa kuwa msiba ule ulitokana na nafsi zao, na aya inayofuata inasema yaliyowapata yalikuwa kwa idhini ya Allah. Yote mawili kwa pamoja. Kwa hiyo yule kiongozi anayesema "ni mapenzi ya Mungu" ili asiulizwe hesabu, ameshika nusu ya dini na kuiacha nusu. Kuamini kadari hakumfutii mtu wajibu wake.

Pili, kosa lilitajwa lakini wahusika hawakuorodheshwa majina ili umma uwatemee mate. Tatu, aya ya 159 inamwamuru Mtume awasamehe, awaombee maghufira na aendelee kushauriana nao. Tukumbuke kuwa rai ya Mtume ilikuwa kubaki Madina, na waliotaka kutoka ndio waliokuwa wengi. Angekuwa mmoja wetu, angesema "niliwaambia mimi", na shura ingekufa siku ile. Allah aliamuru shura iendelee baada ya shura kuonekana imeleta hasara! Nne, aya ya 168 inawakemea wale waliokaa majumbani kisha wakasema kuwa wenzao wangewatii wasingeuawa. Hao ndio wachambuzi wa baada ya mechi. Hakubeba mzigo wowote, lakini anajua mizigo yote ilivyopaswa kubebwa.

Kumuondoa si kumtukana

Wapo watakaosema: basi tusamehe tu, kocha akae milele na kiongozi mbovu asiguswe? La hasha. Umar bin Khattab (r.a.) aliletewa malalamiko ya watu wa Kufa juu ya gavana wao, Saad bin Abi Waqqas, wakadai hata kuswalisha hajui. Umar alimuita na kumuuliza mwenyewe. Kisha akatuma watu Kufa wakaulize msikiti kwa msikiti, na takriban wote walimsifu isipokuwa mtu mmoja. Pamoja na hayo Umar alimuondoa Saad katika kazi ile. Lakini alipokuwa anakata roho, alimtaja Saad miongoni mwa watu sita wanaofaa kuchaguliwa ukhalifa, akabainisha kuwa hakumuondoa kwa udhaifu wala kwa hiana.

Kumbe kumuondoa mtu kwa maslahi ya kazi ni jambo moja, kumhukumu kuwa mwovu ni jambo jingine. La kwanza linahitaji busara, la pili linahitaji ushahidi. Sisi tunayachanganya. Tunataka kila anayeondoka aondoke akiwa msaliti.

Na hilo la usaliti ndilo la hatari. Kusema "fulani kauza mechi" bila bayana ni buhtani. Suratun Nisaa aya ya 112 inamzungumzia anayetenda kosa kisha akamsingizia asiye na hatia, kuwa amejitwisha dhuluma na dhambi iliyo wazi. Tena mzigo! Ukimtupia mwenzako mzigo usio wake, unabeba wako na huo pia.

Hatari kubwa zaidi ni pale lawama inapokimbilia uchawi. Klabu zetu zina zile zinazoitwa kamati za ufundi, na kila mwenye akili anajua ufundi wenyewe ni upi. Wengine hucheka wakisema ni utani wa mpira. Lakini katika mikoa hii yetu ya magharibi na kanda ya Ziwa, vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu mtoto aliugua au ng'ombe alikufa na macho ya bibi yalikuwa mekundu. Macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni wa miaka 50 ya kuwapikia watoto na wajukuu! Anayeamini timu yake imefungwa kwa sababu ya kitu kilichofukiwa golini, na anayemtuhumu bibi yule, wote wanauliza swali moja: "Nani katuroga?" Lingekuwa "Tumekosea wapi?", bibi yule angekuwa hai, na mtoto angepelekwa hospitali.

Haina maana Muislamu asilalamike. Mwaka 2012 Waislamu walilalamikia matokeo ya kidato cha sita ya Maarifa ya Uislamu. Walidai alama zikaguliwe, na Baraza la Mitihani likakiri dosari katika ukokotoaji na kuyarekebisha. Hiyo ni lawama yenye hoja, iliyoelekezwa kwa aliyekabidhiwa kazi, na ikaleta haki. Lakini tusiifanye kuwa kisingizio cha kila mwaka. Shule yetu isiyo na vitabu, ambayo mwalimu wake hajalipwa miezi mitatu na wazazi wake hawahudhurii vikao, ikifeli, mzigo huo ni wa nani?

Basi tunapoketi kulaumu, iwe ni timu, msikiti, madrasa au familia, tuulize manne: Mtu huyu alikabidhiwa nini? Alikuwa na uwezo wa kukitekeleza? Ushahidi ni upi? Na mimi ninayelaumu, nilibeba nini? Swali la nne ndilo zito, na ndiyo maana aghalabu hatulifikii. Mwanachama asiyelipa ada hulaumu usajili. Mzazi asiyenunua daftari hulaumu mwalimu. Muumini asiyetoa hata shilingi hulaumu kamati kwa paa linalovuja.

Siku ya Kiyama hakutakuwa na kijiwe cha kumtupia mwenzako mzigo. Kila mmoja atafika na wake. Ni bora tuanze kuupima leo.

Wabillahi tawfiq.