Manukato ya Usiku na Utu wa Mtu

Mapambo mengi ya binadamu humwachia mwenzake hiari. Asiyependa kanga ya jirani hugeuza uso. Asiyependa shanga wala hina hafungwi kuzitazama. Lakini harufu haibishi hodi. Husafiri na hewa, na maadamu kila aliye hai hana budi kuvuta pumzi, manukato ya mtu mmoja huingia kifuani mwa mwingine bila ya ruhusa. Kwa hiyo manukato si jambo la anasa tu. Ni jambo la maadili pia. Katika insha hii twataka kujiuliza swali moja: mtu anapojitia manukato yaliyotungwa kwa sifa ya usiku wa mjini, anasema nini juu ya nafsi yake, na anasema nini juu ya wenzake?

Katika pwani yetu swali hili si geni. Nyumba ya Unguja, Mombasa au Lamu inayotazamia wageni hufukizwa udi katika chetezo. Nguo hutandazwa juu ya moshi hadi zishike harufu. Mgeni hunyunyiziwa marashi kwa mrashi. Asumini, mrehani na mkadi hufungwa pamoja kuwa kikuba. Mafundi wa kazi hii tangu zamani hadi leo ni wanawake wenyewe. Huupika udi kwa sukari, marashi na mafuta mazuri, kila mmoja kwa kipimo alichojifunza kwa mama au shangazi yake, bila ya kiwanda wala bwana wa kumwamuru. Hao ni watengenezaji manukato wa kujitegemea kwa maana kamili ya neno hilo. Na aghalabu kazi yao humlenga mwingine: mgeni, mume, bibi arusi, jirani aliyekuja kutoa mkono wa pole. Lugha yetu imeyahifadhi haya. Jambo linalotafutwa kwa kila jitihada twasema linatafutwa kwa udi na uvumba. Lakini lugha hiyo hiyo imeweka mpaka: la kuvunda halina ubani. Methali hii haikatazi manukato. Inatuonya tu kwamba manukato yana kazi yake, na kazi hiyo si kuficha uovu.

Huko Ulaya mambo yalichukua njia nyingine. Mwaka 1928 kampuni ya Bourjois ya Ufaransa ilitoa manukato yaliyotungwa na Ernest Beaux, yakaitwa Soir de Paris, yaani Jioni ya Paris. Jina hilo halikuuza harufu peke yake. Liliuza mji mzima wakati taa zinapowashwa. Siku hizi wapo mafundi wadogo, wasiokuwa chini ya kampuni kubwa, ambao wamekwenda mbali zaidi. Hujaribu kuutia chupani usiku wenyewe wa mji, pamoja na moshi wa tumbaku, harufu ya ngozi, pombe na jasho la wacheza dansi. Hatuoni sababu ya kuwacheka. Msanii ana haki ya kuyatafuta maisha popote yalipo, hata katika jasho. Ila yafaa tuulize: usiku unaotiwa chupani ni usiku wa nani?

Tuuchukue usiku ulio karibu nasi, wa Ifakara katika bonde la Kilombero. Mji huu umo katika mkoa wa Morogoro, ambao uliwapa Watanzania Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Kwa hiyo dansi si kitu cha kuazima huko. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, inapita hapo, nayo huleta wasafiri na kuwachukua. Fundi atakayetaka kuutia chupani usiku wa Ifakara atapaswa kukusanya moshi wa kuni na mkaa, mafuta yanayokaangia mihogo, mishikaki, kambale na perege waliokaushwa kwa moshi, udongo uliolowa kwa mvua ya masika, na majani mabichi ya mpunga. Atapaswa kutia sabuni ya mama aliyemaliza kuwaogesha watoto, na jasho la aliyeshinda shambani. Juu ya hayo yote ataongeza mafuta ya nywele na manukato ya bei ndogo ya vijana waendao dansini. Katika orodha hiyo, kila harufu ina mwenyewe, na nyingi zina kazi iliyozizaa.

Wasomaji wengi huenda wakashangaa kusikia kwamba Ifakara imekwisha kutunga harufu yake ya usiku. Mwaka 1957 mtaalamu wa Uswisi, Rudolf Geigy, alianzisha hapo maabara ndogo, ambayo kwa kupita miaka ikakua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara. Moja ya kazi zake kubwa ni kupambana na malaria. Mbu waenezao ugonjwa huo humtafuta mtu gizani kwa kunusa pumzi yake na harufu ya ngozi yake. Basi wataalamu wakajiuliza: je, harufu ya mtu yaweza kutungwa, ili mbu aitwe na kunaswa kwenye mtego? Mwaka 2010 Fredros Okumu na wenzake walitangaza matokeo ya mchanganyiko wao. Haukuwa na waridi wala ambari. Ulikuwa na hewa ya kaboni dayoksaidi, amonia na asidi za namna ile ile itokayo katika mwili wa binadamu. Kwa maneno mengine, yalikuwa manukato ya mtu wa kawaida aliyelala usiku.

Matokeo yake yanastahili kufikiriwa. Mchanganyiko ulipowekwa katika kibanda kimoja na mtu akakaa katika kibanda kingine, umbali wa mita 10 hadi 100, mchanganyiko uliwavuta mbu mara 3 hadi 5 kuliko mtu. Lakini vyote viwili vilipokuwa katika kibanda kimoja, ushindi huo ulitoweka: mchanganyiko ulivuta sawa na mtu, au pungufu.

Hatusemi kwamba mbu anaweza kutufundisha maadili. Lakini jaribio hili latupa mfano mzuri. Harufu ya kutungwa huwa na nguvu kwa mbali. Watu wakikaribiana, mtu mwenyewe ndiye anayejulikana. Manukato yaweza kumtangulia kijana mlangoni na kumpatia heshima ya dakika chache. Baada ya hapo wenzake watamwona jinsi anavyosalimu wakubwa, anavyolipa deni, anavyozungumza na msichana anayeuza mihogo. Ubora au upungufu wake utaonekana hapo, na chupa haitaweza kuongeza wala kupunguza.

Hatari tunayoiona haimo katika kujinukiza. Imo katika dharau inayoweza kufuatana nako. Wako vijana ambao, wakisharudi kutoka mjini na chupa yenye jina la kigeni, huanza kuziba pua mbele ya moshi wa jiko la mama zao. Harufu ya mvuvi huwa aibu. Harufu ya mkulima huwa ushamba. Ugonjwa huu una historia. Dar es Salaam ya wakoloni iligawanywa kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na usafi na afya vilikuwa miongoni mwa sababu zilizotolewa kuwatenga watu. Mtawala aliyeziba pua alikuwa anajipatia hoja ya kutokaa na mwenzake. Itakuwa ajabu kubwa sisi tuliomwondoa mtawala huyo tukiirithi pua yake.

Huenda mtu akatujibu: je, mwataka tusifu uchafu? Hasha. Kuoga, kufua na kunukia vizuri ni wajibu wetu kwa jirani, kwa sababu ile ile tuliyoitaja mwanzo, kwamba harufu yetu humwingia yeye. Uchafu wa uvivu ni kumkosea mwenzako adabu. Lakini jasho la kazi si uchafu wa uvivu. Mwenye kulitoa ataliosha jioni. Anayemdharau kwa jasho hilo atabaki na dharau yake hata baada ya kuoga.

Ukinzani wa dharau hiyo unaonekana wazi zaidi mezani. Mchele wa Kilombero una sifa katika masoko ya Dar es Salaam na kwingineko, na sifa mojawapo ni kunukia, hasa ule wa mbegu iitwayo Supa. Harufu yake haikunyunyizwa na mtu. Imo ndani ya punje, nayo hufunguka maji yanapochemka. Mchele ukikaa ghalani muda mrefu, hupungua. Punje hiyo ilipandwa na watu waliosimama matopeni, wakaamia ndege tangu alfajiri, wakavuna kwa mikono na kupiga mpunga huku miili imelowa. Sasa yupo mtu wa mjini anayeinamia sahani, akafunga macho, akausifu wali kwa kunukia. Kisha mkulima aliyeulima akikaa karibu naye katika basi, husogea dirishani. Mtu huyo ameipokea harufu ya shamba na kumkataa mwenye shamba. Hapo ndipo swali letu linapopata jibu. Manukato yasiyotufundisha kumkaribia mwenzetu, hata yakiwa ya thamani kubwa, yametukosesha kazi yake ya asili, ile waliyoijua mabibi wenye vyetezo.

Kwa hiyo, twamwachia fundi wa kujitegemea uhuru wake. Na atunge usiku wa Paris, na atunge usiku wa Ifakara. Twamwomba tu asiwatoe watu katika usiku huo na kuacha taa na muziki. Kwa walimu, twapendekeza zoezi moja jepesi: wanafunzi waandike harufu za usiku za mahali walikozaliwa, moja baada ya nyingine, na mbele ya kila moja waandike ni nani aliyefanya kazi hata ikatokea. Kwa wanafunzi, ushauri wetu ni mfupi. Jipambeni, nukieni, nendeni dansini. Lakini mkirudi nyumbani na kumkuta mama mekoni, msizibe pua. Kaeni karibu naye, mwulizeni habari za kutwa.