Simoni Alitoka Wapi?



Baada ya ibada ya Ijumaa Kuu mama mmoja mzee alitungoja mlangoni akatuuliza: "Huyu Simoni Mkirene tunayemsoma kila mwaka, Kirene ni wapi? Na huo mji ulianzaje?" Swali la kwanza tulilijibu pale pale: Kirene ulikuwa mji wa Afrika, katika nchi iitwayo leo Libya. La pili tuliahidi kulijibu katika ukurasa huu, maana jibu lake ni refu, nalo halianzii Afrika wala Yerusalemu. Laanzia Uyunani, katika nchi ya mawe.

Wengi wetu tunayo Biblia yenye ramani ya safari za Paulo mwishoni. Humo Uyunani huonekana kama kitambaa kilichochanika pembeni, bahari imeingia kila mahali. Ramani ile haionyeshi vizuri milima, na milima ndiyo habari yenyewe. Kama robo tatu ya nchi ile ni milima na vilima. Olimpo, mrefu kuliko yote, una mita 2,917. Katikati yake mna mabonde madogo madogo, na zamani kila bonde lilikuwa na mji wake, sheria zake na madhabahu zake. Hapakuwa na mto mkubwa kama Naili wa kuwakusanya watu chini ya mfalme mmoja. Kuvuka mlima kwenda kwa jirani kulikuwa taabu, kupanda chombo kulikuwa rahisi zaidi. Visiwa ni vingi hata baharia wakati wa kiangazi huona cha mbele kabla cha nyuma hakijapotea. Paulo alitoka Troa akafika Neapoli siku ya pili. Aliporudi kwa njia ile ile ilimchukua siku tano, maana upepo nao una neno lake.

Basi milima iliwatenga na bahari ikawaunganisha. Lakini hasa kilichowasukuma majini ni njaa. Udongo wao ni mwembamba, mvua huja wakati wa baridi na kiangazi ni kikavu. Mzeituni na mzabibu hustahimili, shayiri hupatikana kiasi, ngano ni shida. Bonde likijaa watu, pa kuongezea shamba hapana. Kuanzia karne ya 8 K.K. miji ile ikaanza kuwatoa watoto wake. Wakorintho walijenga Sirakusa yapata mwaka 733 K.K., mji ule ambao baadaye Paulo alikaa siku tatu akienda Rumi. Wengine walifika hata pwani ya Ufaransa, wakajenga mji uitwao leo Marseille. Vitabu vya historia hueleza hayo kwa fahari, kana kwamba watu wale walipanda merikebu wakiimba. Sisi hatudhani hivyo.

Sikieni habari za kisiwa cha Thera. Ni kisiwa kidogo, kilele cha mlima wa moto uliopasuka zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, na siku hizi chaitwa pia Santorini. Herodotus, Myunani aliyeandika katika karne ya 5 K.K., asema mvua ilikatika Thera miaka saba, miti yote ikakauka ukabaki mmoja. Wazee wakaamua kwamba kila penye ndugu wawili kura ipigwe, mmoja aende. Wakatia vijana katika merikebu mbili za makasia hamsini hamsini, na kiongozi wao Battus, wakawatuma Libya. Vijana walikwenda, wakashindwa kujua la kufanya, wakarudi. Walipokaribia pwani ya kwao watu wa Thera waliwatupia silaha wasishuke, wakawaamuru kugeuza merikebu. Tena liko jiwe lililochongwa huko Kirene katika karne ya 4 K.K., lenye kutaja agano la siku ile: aliyechaguliwa akikataa kusafiri atauawa na mali yake itachukuliwa, na waliokwenda wanaweza kurudi iwapo tu wametaabika huko miaka mitano bila kufanikiwa.

Hapa tumekaa kidogo tukitafakari. Waliosimama pwani ni baba na kaka zao. Hawakuwa watu wabaya kuliko sisi. Chakula kilikuwa hakitoshi. Hata hivyo tujiulize: kijana wa nyumba yetu aliyetumwa mjini kutafuta, akarudi na mfuko mtupu, tumempokeaje? Hatukumrushia kitu. Tumemwuliza mbele ya watu amekuja na nini. Yuko ambaye tangu siku hiyo hajaonekana tena kwao wala kanisani, na mama yake hukaa peke yake katika benchi, nasi twamjua.

Vijana wa Thera waligeuza merikebu. Walikaa miaka miwili katika kisiwa kikavu kando ya pwani ya Libya, kisha sita bara, hata wenyeji Walibya wakawaonyesha mahali palipo juu, penye chemchemi na mvua ya kutosha. Hapo, yapata mwaka 631 K.K., wakajenga Kirene. Ardhi ilikuwa njema kuliko walivyowahi kuiona kwao. Na tusifiche sehemu hii: vizazi viwili baadaye walikaribisha Wayunani wengine wengi, wakawanyang'anya wale wale wenyeji mashamba yao, na vita vikafuata. Aliyefukuzwa jana huweza kufukuza leo, hasa akiisha kushiba.

Lakini kuna jiwe jingine, nalo laonekana kwetu kama ukurasa wa kitabu cha Mwanzo. Yapata mwaka 330 K.K. njaa kuu iliipata Uyunani. Kirene wakatoa nafaka, na hesabu yake wakaichonga katika jiwe, mji kwa mji. Athene ulipata vipimo 100,000. Wakorintho walipata 50,000. Ukishuka katika orodha hiyo utakuta na Thera: vipimo 15,000. Miaka mia tatu ilikuwa imepita. Hatujui kama waliopakia chombo walisema lolote juu ya merikebu mbili za zamani, ila Yusufu tunamjua, na miaka saba ya ukame tunaijua, na ndugu waliokuja kuomba nafaka kwa yule waliyemtupa.

Baada ya siku za Iskanda Mkuu, Wayahudi wengi nao walihamia Kirene, wakakaa humo pamoja na Wayunani. Yamkini Simoni alikuwa wa jamaa hizo. Marko amtaja kama baba yao Iskanda na Rufo, jina moja la Kiyunani na moja la Kirumi. Siku ile alikuwa akitoka shamba tu, wakamshurutisha, akauchukua msalaba wa Bwana wetu.

Watu wa Kirene hawakuishia hapo. Mateso yalipowatawanya waumini kutoka Yerusalemu, wengi walihubiri kwa Wayahudi peke yao. Luka asema ni watu wa Kipro na Kirene waliofika Antiokia wakanena na Wayunani pia. Wayunani walikuwa wamekwenda Afrika kwa njaa ya mkate, na sasa watu waliotoka Afrika wakawaletea Neno. Kanisa lilipokua pale Antiokia, na Roho Mtakatifu akaagiza Barnaba na Sauli watengwe kwa kazi, manabii na walimu walifunga, wakaomba, wakaweka mikono juu yao kabla hawajapanda chombo. Majina yao yameandikwa, na mmoja wao ni Lukio Mkirene.