Mwenye Kinu na Bwana Wake wa Mbinguni

Somo la mwezi: Wakolosai 4:1



Mtume Paulo alipowaandikia Wakristo wa Kolosai aliwapa watumwa neno lao, kisha akawageukia mabwana. Akawaagiza wawatendee watumishi wao kwa haki na kwa usawa, wakikumbuka kwamba wao nao wanaye Bwana mbinguni. Neno hili ni fupi, nasi mara nyingi twalipita upesi, tukidhani kwamba ni la matajiri tu. Mwezi huu twataka kukaa nalo kidogo. Na ili tupate kulifahamu, twawaletea habari za mtu mmoja wa Uskoti, jina lake David Dale, aliyetoka katika kuchunga ng'ombe akawa mwenye vinu vikubwa vya kusokota pamba. Mtu huyu alimcha Mungu, na kwa sababu hiyo twamchagua. Habari za tajiri mwovu hazituchomi sana, maana kila mmoja wetu husema moyoni, Mimi si kama huyo. Habari za mtu mwema hutupima vizuri zaidi.

Dale alizaliwa mwaka 1739 katika mji mdogo wa Stewarton, ambako baba yake alikuwa na duka. Utotoni alichunga ng'ombe, kisha akapelekwa mji wa Paisley kujifunza kazi ya kufuma nguo. Akiisha kuijua kazi hiyo alizunguka mashambani kwa miguu, akinunua nyuzi za kitani walizozisokota wake wa wakulima, hapa kidogo na pale kidogo, apate kuziuza mjini. Alikuwa na umri wa miaka kama 24 alipoingia mji wa Glasgow kuwa karani wa mfanya biashara ya hariri. Baadaye akafungua duka lake mwenyewe la nyuzi. Kodi yake ilikuwa pauni 5 kwa mwaka, naye akaiona kuwa nyingi; basi akampangisha fundi wa saa nusu ya duka lile kwa nusu ya kodi.

Hivyo ndivyo alivyoanza. Akaagiza nyuzi kutoka ng'ambo, na mali ikaongezeka. Mwaka 1777 alimwoa Anne Caroline Campbell, binti wa mkubwa mmoja wa benki katika mji wa Edinburgh, na mwaka 1783 benki ile ile, Royal Bank of Scotland, ikamfanya wakala wake Glasgow pamoja na mwenziwe. Yule mchunga ng'ombe sasa alitunza fedha za wakubwa.

Wala hakumsahau Mungu katika kupanda kwake. Tangu mwaka 1769 alikuwa mchungaji wa usharika mdogo uliojitenga na kanisa la nchi. Mmoja wao, mfanya biashara ya mishumaa, aliwajengea nyumba ya ibada, na watu wakaiita Kanisa la Mishumaa. Dale hakusoma chuo kikuu. Alijifunza Kiyunani na Kiebrania kwa bidii yake mwenyewe apate kuyafahamu Maandiko. Mwanzoni alizomewa njiani kwa kuwa mfanya biashara aliyethubutu kupanda mimbarini. Yeye akavumilia, akahubiri mpaka mwisho wa maisha yake, miaka 37. Katika miaka ya njaa alileta nafaka kwa merikebu, akawauzia maskini pasipo kutafuta faida. Yasimuliwa kwamba watu wa Glasgow walimtania, wakisema: Dale atoa mali yake kwa koleo, na Mungu amrudishia kwa koleo.

Sasa tuje kwenye vinu. Mwaka 1784 Dale alikwenda pamoja na Richard Arkwright kuyatazama maporomoko ya mto Clyde. Huyu Arkwright alikuwa kinyozi hapo kwanza, akatajirika kwa mashine za kusokota pamba kwa nguvu za maji. Pale penye maporomoko Dale akajenga vinu, na mwaka 1786 magurudumu ya maji yakaanza kuzunguka. Mahali pale pakaitwa New Lanark. Urafiki wa biashara na Arkwright haukudumu, na mwaka 1788 kinu cha kwanza kiliteketea kwa moto. Lakini Dale alikijenga tena mwaka uliofuata. Hata mwaka 1793 vinu vilikuwa vinne, na watu wa kazi walikuwa 1,157.

Na watu hao walikuwa nani? Hapa twaomba msomaji asisome upesi. Katika hao 1,157, watoto walikuwa karibu 800. Wengine walikuja na wazazi wao, na wengine walikuwa yatima na watoto wa maskini waliotolewa katika nyumba za msaada za Edinburgh na Glasgow. Wachache walikuwa na miaka sita tu, wengi zaidi saba, minane au tisa.

Yatupasa kusema kweli yote juu ya jambo hili, wala tusiipunguze upande wowote. Watoto wale walilala mahali safi, walivishwa, walipewa uji na maziwa, mchuzi, nyama na viazi. Mganga aliwaangalia. Dale aliwaajiri walimu, na kufikia mwaka 1796 walimu walikuwa 16, wakifundisha watoto zaidi ya 500. Katika vinu vingi vya siku zile watoto walipigwa na kufa njaa, wala hawakuona kitabu. Wageni walikuja New Lanark kutoka mbali kutazama, wakarudi makwao wakimsifu mwenye kinu.

Lakini sikieni saa za kazi, kama Dale mwenyewe alivyowaandikia madaktari wa Manchester waliomwuliza. Watoto waliingia kinuni saa 12 asubuhi, wakatoka saa 1 usiku. Katikati walipewa nusu saa ya chakula cha asubuhi na saa moja ya chakula cha mchana. Hesabuni wenyewe: ni saa kumi na moja na nusu za kazi. Shule ilianza baada ya hapo, saa 1 usiku, ikaisha saa 3. Mtoto wa miaka saba aliyesimama kutwa akiunga nyuzi zilizokatika aliketi usiku mbele ya kitabu, na mwalimu akamwambia, Soma.

Na nyumbani kwa Dale palikuwaje? Mungu alimpa watoto, naye alizika baadhi yao wangali wadogo, pamoja na mwanawe William. Mabinti watano walikua. Mwaka 1791 mkewe alifariki, naye hakuoa tena. Aliwalea mabinti hao katika nyumba nzuri ya mtaa wa Charlotte Street, akawapenda sana. Kinu kilipoanza kusokota, binti yake mkubwa, Caroline, alikuwa na umri ule ule wa watoto wadogo wa kinuni. Yeye alilala mpaka kucha, akasoma mchana. Baba yake aliwapenda watoto wote, na tena aliwalisha wote. Lakini usingizi wa mchunga ng'ombe wa zamani aliufahamu kwa binti yake, asiufahamu kwa yatima.

Liko na jambo la pili. Mwaka uo huo wa 1791 watu wa Glasgow walifanya chama cha kutaka biashara ya watumwa ikomeshwe, na David Dale akawa mwenyekiti wake. Hilo halikuwa jambo jepesi, kwa maana utajiri wa mji ule ulitoka katika tumbako na sukari iliyolimwa na watumwa. Alifanya ushujaa, nasi watoto wa Afrika yatupasa kumshukuru. Hata hivyo, pamba ilitoka wapi? Pamba nyingi ya vinu vya Uingereza siku zile ilitoka visiwa vya Karibi na nchi za Amerika, na mikono iliyoilima na kuichuma ilikuwa mikono ya watu waliotekwa Afrika, na ya watoto wao. Jumapili Dale alihubiri neno la Mungu, na siku nyingine aliketi barazani kuwatetea watumwa. Na Jumatatu alfajiri magurudumu yake yalizunguka kwa pamba ya watumwa wale wale.

Je, twamhukumu? La. Hukumu ni ya Mungu, naye Dale amekwisha kwenda mbele zake. Twasema hivi tu, kwamba macho yake yalifika hata mlango wa kinu, yakaona mengi yasiyoonwa na wenziwe. Lakini Bwana wa mbinguni huona na ng'ambo ya bahari.

Tazameni pia jinsi Mungu alivyoendelea na jamaa hii. Mwaka 1799 Caroline aliolewa na Robert Owen, kijana wa Wales, mwana wa mtengeneza matandiko ya farasi, aliyetoka kwao angali mtoto akajipatia cheo katika vinu vya Manchester. Baba hakutaka kwanza, kisha akaridhika. Naye akawauzia Owen na wenzake vinu vya New Lanark kwa pauni 60,000, zilipwe kidogo kidogo kwa miaka 20. Mkwe huyu hakuishika imani ya mzee, nao walibishana mara nyingi, lakini walipendana. Na mkwe asiyeamini ndiye aliyesema wazi ya kwamba mtoto aliyechoka hawezi kujifunza. Akaacha kuwapokea yatima wadogo, akapunguza saa za kazi, na mwaka 1816 akafungua shule ambayo watoto walisoma mchana. Dale hakuiona, alifariki Machi 1806, mwaka mmoja kabla Waingereza hawajaipiga marufuku biashara ya watumwa.

Caroline alizaa mwana, akaitwa Robert Dale Owen, kwa jina la babu yake. Huyu alihamia Marekani, akawa mjumbe katika bunge la nchi ile. Mwaka 1862, vita vikiwa vikali, alimwandikia Rais Lincoln akimsihi awape watumwa uhuru. Na mwaka 1863 aliwekwa katika tume ya kuangalia hali ya watu waliotoka utumwani. Hata mwaka 1865 utumwa ukakomeshwa nchini mwote, katika nchi iliyojaza vinu vya ulimwengu kwa pamba. Alichokiona babu nusu, mjukuu alikiona zaidi. Naye huyo mjukuu hakuwa mtu wa kanisa. Hapo tuinamishe vichwa, sisi tulio wa kanisa, kwa maana Mungu asipopata masikio nyumbani mwake, aweza kumtuma mtu wa nje.

Basi, ndugu walimu, nanyi wazee wa sharika, neno hili latuhusuje sisi? Wachache wetu wana vinu. Lakini nani asiye na mtu chini yake? Yuko kibarua wa shamba la kahawa, yuko kijana mchunga mbuzi, yuko binti wa kutusaidia nyumbani.

Nasi tunaoandika hatuwezi kujitenga. Tulipata kumpokea nyumbani mwetu mtoto wa jamaa, aliyefiwa na mama yake. Tuliwaahidi ndugu zake kwamba atasoma. Alikula chakula chetu, tulimpa nguo, Jumapili tulikwenda naye kanisani, na majirani walitusifu. Lakini aliamka kabla yetu ili kuteka maji, akalala baada yetu akiisha kuosha vyombo, na kitabu chake alikifungua usiku, kichwa kikianguka kwa usingizi. Hata siku moja mwalimu wa shule akatuuliza kwa upole, Mbona mtoto huyu husinzia darasani, na watoto wenu hawasinzii? Hatukuwa na jibu. Tuliposoma habari za shule ya saa 1 usiku kule New Lanark, tuliiona nyumba yetu wenyewe.

Ndugu, twaweza kujifariji tukisema kwamba kwetu mtumishi hapigwi, tena hula kuliko anavyokula kwa jirani. Dale naye angaliweza kusema hivyo, na ingalikuwa kweli. Lakini Paulo hakuwaambia mabwana wajipime kwa jirani. Aliwaelekeza kwa Bwana wa mbinguni. Yakobo naye, katika sura ya 5, atuonya kwamba ujira uliozuiliwa hupiga kelele, na kelele zake hufika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Na katika Katekisimo Ndogo twajifunza ya kuwa amri ya saba haimkatazi mwizi wa usiku peke yake. Yatuamuru pia kumsaidia jirani apate kuitunza na kuiongeza riziki yake. Usingizi wa mtoto ni riziki yake. Siku za shule ni mali yake. Atakayevichukua, hata kwa upole, amechukua kisicho chake.

Basi mwezi huu kila mwenye nyumba na aulize maneno matatu. Yule alalaye mwisho nyumbani mwangu ni nani? Ujira wa kibarua wangu uko wapi leo, mkononi mwake au mfukoni mwangu? Na nguo niivaayo, na chakula nilacho, vimepita mikononi mwa nani nisiyemwona? La tatu ni gumu, wala hatutalimaliza kwa siku moja. Lakini asiyeuliza hataanza.

Wala tusiulize kwa hofu tu. Bwana tuliye naye mbinguni ndiye aliyetwaa namna ya mtumwa, akawaosha miguu wanafunzi wake, akafa kwa ajili ya mabwana na watumishi pamoja. Kwake yako masamaha ya yale tuliyoyatenda, na macho mapya ya kuona yale tusiyoyaona. Vinu vya New Lanark viliendelea na kazi hata mwaka 1968, kisha vikanyamaza, na majengo yake yangali yamesimama kando ya mto. Vinu hunyamaza, na mali hupita mikono. Bali kila mtoto aliyeachwa alale, na kila kibarua aliyelipwa siku yake, wamejulikana mbele za Mungu.

Ee Bwana uliye Bwana wetu sote, utufundishe kutenda haki katika nyumba zetu kabla ya kuihubiri mimbarini. Amina.