Je, Nyota Yaweza Kumtawala Mtu?

Mara nyingi twasikia watu wakinena, "Fulani ana nyota njema," au, "Maskini yule, nyota yake ni mbaya." Twasema hivyo bila kufikiri, kama tunavyoulizana habari za asubuhi. Lakini ndani ya maneno hayo limo swali kubwa. Je, mambo ya mtu yamefungwa katika nyota, hata asiweze kuyageuza? Nataka kuwasimulia jinsi sisi rafiki wanne tulivyokutana na swali hilo mlimani, tulipokuwa tumekwenda kutazama nyota tu.

Ilikuwa mwezi wa Julai mwaka 2021, wakati wa kiangazi, siku ambazo usiku hauna mwezi. Mwalimu mmoja, mvuvi wa Kalundu, fundi cherehani na mimi tuliondoka Uvira siku ya Ijumaa, tukaipanda milima iliyo nyuma ya mji, ili tulale siku mbili shambani kwa mjomba wake mwalimu. Tulichukua mikeka, blanketi, unga wa muhogo na ndagala wakavu. Giza lilipoingia tukauzima moto, tukalala chali.

Chini yetu ziwa Tanganyika lilikuwa jeusi. Ng'ambo zilimetameta taa za Bujumbura, na juu ya maji zilitawanyika taa za wavuvi. Mvuvi akatueleza kwamba usiku wa giza ndio usiku wa kazi, kwa maana ndagala huufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wake huenea majini kote, na taa ya mvuvi haina tena nguvu ya kuwavuta. Kisha mwalimu akatuonyesha Msalaba wa Kusini, umeinama kidogo upande wa magharibi. "Ufuateni mti wake mrefu kwenda chini," akasema, "huko ndiko kusini." Mvuvi akacheka, akasema kwamba baba yake alimfundisha hayo kabla hajajua kusoma.

Fundi cherehani peke yake hakusema neno. Mwishowe akauliza, "Mwalimu, katika hizo zote, yangu ni ipi?" Tukadhani anatania, kumbe sivyo.

Katika Aprili mwaka 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukabomoa nyumba nyingi za Uvira na kuua watu. Fundi alipotewa na nyumba, cherehani, na ndugu yake wa tumbo moja. Baadaye mpiga ramli alimwambia kwamba ana nyota mbaya, yenye kuwadhuru wote wakaao naye, akadai fedha ili aisafishe. Fedha hakuwa nazo. Basi mtoto wa marehemu ndugu yake, msichana wa miaka saba, alikuwa akilelewa na watu baki huko Baraka, kwa sababu baba yake mdogo aliogopa kumwua kwa nyota yake.

Mnaona, wapenzi, neno dogo "nyota" lilivyoweza kumnyima yatima nyumba. Kwa hiyo tulikesha tukilipima neno hilo, naye mwalimu alijibu hivi.

Kwanza, nyota zi mbali kupita kadiri. Mwanga hukimbia kilometa zipatazo 300,000 kwa sekunde moja, lakini mwanga wa Kilimia tunaouona usiku huu ulianza safari yake zaidi ya miaka 400 iliyopita, kabla hawajazaliwa babu za babu zetu. Ule ulikuwa unamfuata fundi gani?

Pili, watazameni mapacha. Jirani zetu Warundi huwaita Bukuru na Butoyi. Wamezaliwa usiku mmoja, chini ya nyota zile zile. Hata hivyo mmoja aweza kuwa mkarimu na mwenziwe mchoyo. Mtakatifu Augustino, Mwafrika, askofu wa Hippo aliyefariki mwaka 430, aliwaamini wapiga falaki katika ujana wake. Halafu rafiki yake alimsimulia habari za watoto wawili waliozaliwa saa ile ile, mmoja mwana wa tajiri, mwingine mwana wa mtumwa. Wa kwanza akakua katika heshima, wa pili akabaki mtumwa. Augustino akatambua kwamba nyota hazikuwapangia mambo yao.

Tatu, usiku ule wa mafuriko maji yalichukua wazee na watoto wachanga, waungwana na wezi. Je, wote walikuwa na nyota moja? La. Mvua kubwa ilinyesha juu ya milima mikali, na nyumba zilikuwa zimejengwa kando ya mto. Tukisema, "Ni nyota," hatutapanda miti mlimani wala kuuhama ukingo wa mto, na maji yatarudi tena.

Hapo fundi akasema kwa uchungu, "Lakini kwa nini ndugu yangu, wala si mimi?" Mwalimu akanyamaza kitambo. Kisha akamjibu, "Hilo sijui, ndugu yangu. Mungu tu ajua. Lakini yule mpiga ramli naye hajui. Tofauti yetu ni kwamba yeye anadai fedha."

Tena fikirini neno hili. Nyota ingekuwa mtawala wa mtu, mwizi asingekuwa na hatia, kwa maana angesema, "Nyota yangu imeiba." Wala wale waliowavuta jirani zao kutoka majini usiku ule wasingestahili shukrani. Mungu aliziweka nyota zituonyeshe nyakati na njia. Wakulima wa kale waliitazama Kilimia wapate kujua majira ya kulima. Ni taa, si mabwana. Mamajusi waliiona nyota, wakafunga safari kumwabudu Mtoto. Herode alisikia habari za nyota ile ile, akakusudia kuua. Nyota ilikuwa moja. Mioyo ilikuwa mbalimbali.

Usiku wa pili, yapata saa kumi kabla ya mapambazuko, mvuvi alituamsha. Kilimia kilikuwa kimekwisha kupanda juu ya milima ya Burundi, kishada kidogo cha nyota zilizosongamana. Tulikitazama, kisha tukakunja mikeka, tukaanza kushuka ili tuiwahi Misa ya Jumapili. Njiani fundi alikwenda kimya. Tulipoukaribia mji alimgeukia mvuvi, akamwuliza, "Mtumbwi wa kwenda Baraka huondoka lini?"

"Kesho jioni," mvuvi akajibu. "Wataka kupeleka nguo?"

"Nataka kumchukua mtoto."

Mvuvi akamshika mkono, akasema, "Basi njoo mapema. Baraka iko kusini. Msalaba utatuonyesha njia."

Nawe, msomaji mpenzi, usiku wa leo toka nje uzitazame nyota, umshukuru Mwumba wake. Lakini usimwulize yeyote nyota yako ni ipi. Jiulize: ni nani anayeningoja, nami nimeiogopa safari ya kumwendea?