Wimbo kama Silaha

Adui anayepigana kwa muziki ni mhusika wa siku nyingi katika katuni za Marekani. Mwishoni mwa 1947 jarida la All-Flash lilimtoa Fiddler, mwizi aliyefundishwa na fakiri gerezani India kupiga fidla kwa namna ambayo mlio wake huvunja vitu na kuwatawala watu. Mwaka 1959, katika The Flash, akaja Pied Piper, mpiga filimbi ambaye jina lake limetoka katika ngano ya mji wa Hameln, Ujerumani, ambako husimuliwa kwamba mwaka 1284 watoto walimfuata mpiga filimbi wasionekane tena. Ala zao ni tofauti, lakini wote wawili wamejengwa juu ya dhana moja: kwamba ipo sauti inayoingia sikioni na kufika miguuni bila kupitia kwenye nia ya mtu. Anayeisikia hachagui lolote. Anakwenda tu.

Kuna jambo la ajabu katika dhana hiyo ambalo wasomaji wa katuni hawalitaji sana. Ukurasa hauna sauti. Mchoraji anaweza kuchora noti zikielea hewani na macho ya watu yakizubaa, lakini muziki wenyewe hausikiki, na kwa hiyo msomaji ndiye mtu pekee aliye salama. Anajua kwamba wimbo una nguvu kwa sababu tu anawaona wengine wakianguka. Watu wengi huzijua hivyohivyo nyimbo za chuki za jirani zao: hawakuzisikia zilipovuma, waliona zilichoacha. Ushahidi wa namna hiyo ni dhaifu. Unaonyesha kwamba kulikuwa na wimbo na kwamba kulikuwa na vifo. Hauonyeshi ni nini kilichounganisha viwili hivyo.

Kabla ya yote, kelele na muziki vitenganishwe. Desemba 1989 wanajeshi wa Marekani walizingira ubalozi wa Vatikani mjini Panama, alimokimbilia mtawala wa Panama, Manuel Noriega, wakafungulia muziki wa roki kwa vipaza sauti vikubwa. Hapo muziki ulikuwa silaha kweli, ila kilichofanya kazi kilikuwa ukubwa wa sauti. Jenereta mbovu ingetosha. Wanaolala karibu na baa za Goma, mashariki mwa Kongo, wanaujua ukatili huo kwa kiwango chao. Mchawi wa katuni anadai makubwa zaidi: kwamba mpangilio wa muziki, utamu wake hasa, ndio unaomnyang'anya mtu hiari.

Wanafalsafa wa kale hawakuafikiana na katuni kama inavyodhaniwa. Ni kweli kwamba katika kitabu cha Jamhuri Plato alitaka miundo ya muziki ya kuombolezea na ile ya walevi ifukuzwe mjini, ikabaki inayomfaa askari na mtu mwenye kiasi. Lakini hofu yake ilihusu malezi. Alidhani kijana anayekua ndani ya sauti fulani hupata polepole tabia inayofanana nayo, kiasi kwamba akifikia umri wa kufikiri, tayari anapenda na kuchukia vitu fulani. Kisa kinachosimuliwa juu ya Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, ni cha aina nyingine: katika baraza la mtawala Sayf al-Dawla inasemekana alipiga ala akawachekesha wote, akawaliza, kisha akawalaza usingizi pamoja na mabawabu, akaenda zake. Plato anazungumzia mazoea, kisa cha Al-Farabi kinazungumzia pingu. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha suala lote, kwa sababu mwenye mazoea mabaya bado hulaumiwa kwa anayoyatenda, lakini aliyefungwa pingu halaumiwi kwa alikokokotwa.

Kwa Goma, mjadala huu una anwani. Gisenyi, upande wa Rwanda, iko ng'ambo tu ya kizuizi cha mpaka, na katika iliyokuwa prefektura ya Gisenyi alizaliwa mwaka 1954 Simon Bikindi, mtunzi na kiongozi wa kundi la ngoma la Irindiro. Nyimbo zake zilirushwa na redio RTLM, iliyoanza matangazo Julai 1993, na mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, zilikuwa zikisikika hewani. Mwezi Julai mwaka huo watu wapatao milioni moja waliingia Goma na vitongoji vyake kwa siku chache, wauaji na wasioua wakiwa msafara mmoja, kisha kipindupindu kikaanza. Bikindi alikamatwa Uholanzi mwaka 2001 akapelekwa Arusha, mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda. Ilikuwa rahisi kumwona kama Pied Piper aliyeshuka kutoka kwenye katuni. Baadhi ya magazeti ya kigeni yaliandika karibu hivyo.

Hukumu ya tarehe 2 Desemba 2008 haikuandika hivyo, na kwa sababu hiyo inastahili kusomwa kama maandishi ya falsafa. Majaji walikubali kwamba nyimbo tatu zilizobishaniwa zilipotosha historia ili kuwaunganisha Wahutu dhidi ya adui mmoja, na kwamba mwaka 1994 zilirushwa kwa lengo la kuchochea. Hata hivyo hawakuridhika kwamba mtunzi alizitunga kwa nia mahususi ya kuchochea mauaji, wala kwamba yeye ndiye aliyezisambaza mwaka huo. Kilichomtia hatiani kilikuwa kipaza sauti. Mwishoni mwa Juni 1994, katika barabara kati ya Kivumu na Kayove, alipita katika msafara wa wanamgambo wa Interahamwe akiwahimiza watu kuwaua Watutsi. Akafungwa miaka 15, rufaa ikathibitisha mwaka 2010, naye akafia Benin mwaka 2018.

Kwa hiyo sheria ilimtia hatiani mwimbaji bila kuhitaji uchawi wowote. Tena, kwa mujibu wa Mkataba wa Mauaji ya Kimbari wa 1948, uchochezi wa moja kwa moja na wa hadharani ni kosa hata kama hakuna aliyeutii. Hapa nadharia ya katuni inaporomoka. Katika katuni, ubaya wa mchawi hupimwa kwa utiifu wa wanaomsikia, na kadiri wanavyotii ndivyo wao wanavyokuwa wasafi. Sheria hutenganisha hesabu hizo. Aliyesema ana lake, lote. Aliyechukua panga ana lake, lote pia, wala la kwanza halipunguzi la pili. Lawama haigawanywi kama mali ya urithi, kwamba mmoja akipewa zaidi mwingine abaki na kidogo.

Mchawi wa katuni, basi, ana mvuto ambao hautokani na kutisha kwake: anafariji. Wasikilizaji wanaodai walilogwa wanaomba kusamehewa kwa kisingizio kwamba hawakuwapo walipotenda.

Watawala nao huikimbilia dhana hiyo kutoka upande wa pili. Novemba 2021 tume ya Kongo inayokagua nyimbo na maonyesho ilipiga marufuku nyimbo kadhaa, ukiwamo Nini Tosali Te wa kundi la muziki la MPR, kisha marufuku ya wimbo huo ikaondolewa haraka. Delcat Idengo, aliyejulikana Beni, Butembo na Goma kwa nyimbo za kuwasema wakubwa, alifungwa zaidi ya mara moja. Alitoka katika gereza la Munzenze, Goma, mwishoni mwa Januari 2025, lilipovunjika wakati waasi wa M23 walipouchukua mji, na tarehe 13 Februari akauawa kwa risasi humohumo Goma. Anayemfunga mtunzi kwa sababu ya hasira ya watu anadai, hata kama hasemi, kwamba hasira hiyo imeletwa na filimbi: kana kwamba watu wa Beni wasingejua kwamba ndugu zao wanauawa mpaka waimbiwe.

Kwa uadilifu, kipimo hicho kitumike pia kwa upande unaopendeza. Tamasha la Amani lilipoanza Goma mwaka 2014, wengi walilisifu kwa maneno yaleyale ya katuni, ila sasa mchawi akiwa mwema: muziki utawapatanisha, muziki utawanyang'anya bunduki. Kama wimbo hauwezi kumlazimisha mtu kuua, hauwezi kumlazimisha kusamehe. Wanaocheza bega kwa bega uwanjani wamekubali kuja. Hilo ni jambo kubwa, lakini ni lao. Jukwaa haliwezi kudai kwamba limelitenda.

Kinachobaki kwa wimbo si kidogo. Wimbo hulifanya wazo lizoeleke, hata lililokuwa aibu kutamkwa likapigiwa mluzi njiani. Humwonyesha mtu kwamba wenzake wapo, maana wanaoimba pamoja husikia wingi wao, na mwoga aliye peke yake hupata ujasiri wa umati. Huhifadhi maneno kichwani mpaka siku yatakapotafutwa. Lakini kila hatua inamhitaji msikilizaji afanye kitu: aitikie, arudie, akumbuke. Hata Plato, aliyeogopa muziki kuliko wengi, aliuweka ndani ya malezi, na malezi huchukua miaka.

Mahali pamoja dhana ya pingu inakaribia kuwa kweli, nako ni kwa mtoto. Kadogo, yaani askari watoto, walioingia katika jeshi la waasi wa AFDL tangu 1996, na watoto waliochukuliwa baadaye na makundi ya Kivu na Ituri, hawakuwa na nia iliyokomaa ambayo wimbo ungelazimika kuiomba ruhusa. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilipomtia Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi la wapiganaji la Ituri, hatiani kwa kuwaandikisha na kuwatumia watoto wa chini ya miaka 15, haikuuliza kama mtoto alikuja kwa hiari. Ridhaa yake haikuwa utetezi. Lakini hata hapo filimbi haikuwa ya kwanza. Mtoto alikuwa tayari ametenganishwa na nyumbani, amepigwa na kushindishwa njaa, na wimbo wa mazoezi ulimkuta katika hali hiyo.