Agizo la Nani Litangulie?

Maagizo mawili yanayopingana ni mgogoro wa mabosi, si kosa la karani.

Mwaka 1916 mhandisi Mfaransa Henri Fayol aliandika kwamba mfanyakazi apokee amri kwa mkuu mmoja tu, akimpinga Mmarekani Frederick Taylor, aliyetaka fundi wa kiwandani asimamiwe na wanyapara wanane. Wanane!

Hata leo kuna ofisi ambako mtu mmoja hutumwa na wakuu watatu, na anayeitikia yote kimyakimya ndiye hulaumiwa jioni. Heri awaandikie wote ujumbe mmoja wa heshima, ataje kila kazi na muda alionao, kisha aulize ipi itangulie. Jibu likiwa kwenye maandishi, ni vigumu kumgeuka kesho yake.