Nani Abadilike, Jina au Mashine?

Ndugu msomaji, hebu andika neno ng'ombe. Umekiweka kile kialama juu, baada ya g? Shuleni tulifundishwa kwamba kinaitwa ritifaa. Leo nataka tuulizane swali juu ya ritifaa, na wala si swali la sarufi. Ni swali la haki.

Twende Migato, Usukumani. Zamani ilihesabiwa Bariadi. Tangu mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012, imo wilaya ya Itilima, wilaya yenye kata iitwayo Kinang'weli. Huko ritifaa si pambo. Ng'wana ni mtoto wa fulani, na yule mganga na mcheza ngoma mashuhuri wa Usukuma aliitwa Ng'wanamalundi. Jina linabeba ukoo.

Sasa mfikirie mama mmoja, mkulima wa pamba, aitwaye Ng'wandu. Karani anaandika jina lake kwenye kompyuta. Programu inalipeleka kwenye kanzidata, yaani kwenye majedwali yanayohifadhi kumbukumbu, na inauliza kwa lugha ya SQL, lugha iliyobuniwa miaka ya 1970. Bahati mbaya, katika lugha hiyo kialama kilekile ndicho kinachofungua na kufunga maneno. Kijana aliyeandika programu kwa kubandika jina la mama ndani ya amri yake atatuma hivi:

SELECT * FROM wakulima WHERE jina = 'Ng'wandu'

Mashine inasoma Ng, inakutana na kialama, inadhani jina limekwisha. Kinachobaki, wandu, inakichukua kuwa amri. Haiielewi, inagoma. Mwizi naye anaujua mlango huo: anaandika kialama kwa makusudi, anafuatisha amri yake mwenyewe, na kanzidata inamtii! Hatari hiyo ilielezwa hadharani tangu 1998.

Basi kijana wetu anafanya nini? Anakata shauri rahisi: futa ritifaa zote. Mama awe Ngwandu, mambo yaende. Eti ni kialama tu, bwana, kina uzito gani?

Uzito upo. Kwenye jedwali jingine mama bado ni Ng'wandu. Siku majedwali mawili yakilinganishwa kwa majina, mashine itajibu kwamba hakuna mtu kama huyo. Na mashine ikisema hakuna, karani naye atasema hakuna, ilhali mama amesimama mbele yake na mzigo wake wa pamba. Utasema siku hizi kuna namba ya kitambulisho cha taifa, tarakimu 20, isiyo na ritifaa. Kweli, namba inasaidia kumtafuta mtu. Lakini mtu haitwi kwa namba, na jina lililoharibiwa ndilo litakalochapwa kwenye karatasi zake.

Dawa ya haki ipo, tena si ngumu. Unaandika amri kwanza, na mahali pa jina unaacha nafasi, mara nyingi kwa alama ya kuuliza. Jina unalituma peke yake, baadaye. Kanzidata inajua: hii ni amri, lile ni jina. Hapo Ng'wandu anapita salama, O'Brien wa Ireland anapita, na mwizi anakwama, maana maneno yake yanapokewa kama jina tu. Java ina njia hiyo tangu miaka ya 1990. PHP na Python pia zinayo.

Mimi naona hapa kuna somo lililo pana kuliko kompyuta. Karani mwema wa mahakama anaandika maneno ya shahidi kama yalivyosemwa. Hayarekebishi ili yapendeze, wala hayageuzi kuwa hukumu. Kumheshimu mtu ndiko huko: kumpokea alivyo bila kumkabidhi usukani. Anayefuta ritifaa ameogopa kutawaliwa, kwa hiyo ameamua kumpunguza mwenzake. Na ajabu, usalama aliodhani ameununua kwa jina la mama angeupata bila kumgusa mtu.

Mama wa Migato hakukosea. Jina lake lilikuwapo kabla ya SQL. Wewe unayejifunza kuandika, iwe hadithi au programu, ukikutana na jina lisiloenea kwenye mashine yako, tengeneza mashine.